Abiria wa Nne

Orval Maddox alifukuzwa kazi siku ya Ijumaa, na Jumatatu alfajiri akaenda kazini kama kawaida.

Alinyoa ndevu. Alivaa shati la buluu la kiwandani, lile ambalo kibandiko cha jina kilikuwa kimeng'olewa kifuani, nyuzi bado zinaning'inia. Akafungasha maharage na kipande cha mkate wa mahindi kwenye kopo, akajaza chupa ya kahawa, akafunga kifuniko kwa nguvu maana kilikuwa na tabia ya kuvuja. Mkewe, Twila, alikuwa amesimama mlangoni na koti mkononi, anamtazama tu.

"Baba Rayna, unakwenda wapi?"

"Kazini kwako."

"Kwangu?"

"Kwangu si wamenifukuza? Imebaki kwako."

Twila alitaka kucheka, kicheko hakikuja.

"Hebu niambie," Orval akasema, "lile gari lina viti vingapi ukimtoa dereva?"

"Vinane."

"Na yule mama wa malipo alisemaje siku ile kantini? Viti visipojaa nusu?"

"Nafuu ya kodi inaondoka."

"Na nafuu ikiondoka?"

"Gari linaondoka."

"Haya. Mimi nikibaki hapa kitandani, mtakuwa wangapi?"

Twila aligeuza koti mkononi. Alijua kuhesabu. Yeye, mzee Clovis na Deneen, basi. Alivaa koti lake, akaingia chumba cha mtoto, akamgusa Rayna paji la uso kama amgusavyo kila alfajiri, akahakikisha dawa ya sukari ipo kwenye mlango wa jokofu. Ile dawa ililipiwa na bima, na bima ilitoka kiwandani. Kiwanda kilikuwa Brandt, ng'ambo ya mlima, mwendo wa zaidi ya saa nzima barabara ikiwa kavu. Gari lao wenyewe lilikuwa limekufa giaboksi tangu majani yaanze kupukutika, limekaa uani, paka wanazalia ndani. Kwa hiyo mtu asiyepanda gari la pamoja la kampuni alikuwa hana njia ya kufika Brandt, labda apae.

Wakatoka pamoja.

*

Hobart Lilly, fundi mitambo ambaye ndiye aliyekabidhiwa kuendesha lile gari, alipomulika taa na kuwaona wawili barabarani, alifunga breki mpaka gari likateleza kidogo.

"Orval! Mimi nimeambiwa umefukuzwa."

"Nimefukuzwa kazi, sijafukuzwa kupanda gari. Sogea huko."

Mzee Clovis Shupe, ambaye alikuwa akisubiri mwaka mmoja tu astaafu, alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akafungua dirisha kutema mate. Deneen Akers, binti wa pale kwenye daraja, mwenye watoto wawili na mume asiyejulikana alipo, hakucheka.

"Sasa nauli yako anakatwa nani?" akauliza.

"Hakatwi mtu. Mimi leo ni mzigo."

"Mzigo una kichwa?"

"Kichwa ndicho ninachokileta. Mlinzi wa geti anahesabu vichwa. Haulizi vinafanya kazi gani."

Kila mtu akabaki na hesabu zake. Hakuna aliyekuwa mgeni na jambo lile. Bi. Sturgill wa idara ya malipo aliwaeleza polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji: kila mmoja anakatwa dola mia na ishirini kwa mwezi za usafiri, na zinakatwa kabla kodi haijanyoosha mkono. Kwenye karatasi unaonekana umepata kidogo, kwa hiyo unatozwa kidogo. Na kampuni nayo hailipi fungu lake la kodi juu ya pesa hiyo. Nyinyi mnapona, nasi tunapona, alisema, akatabasamu, na siku ile wakala keki.

"Katika maisha yangu yote," mzee Clovis akasema, akijifunga skafu, "serikali imenifadhili jambo moja tu. Kuacha kuninyang'anya hiyo mia na ishirini. Sasa wewe Orval unataka kuniponza hata kwa hilo?"

"Nataka ulipate mpaka utakapostaafu, mzee."

"Tukikamatwa?"

"Tukikamatwa mimi ndiye mwizi. Nyinyi hamkuniona."

"Tusikuone vipi na unanuka kahawa hivyo?" Deneen akasema, na hapo ndipo alipocheka kidogo. Kifuniko kilikuwa kimeshavuja.

Getini mlinzi aliinama dirishani na tochi yake, akaashiria kwa kidole: mmoja, wawili, watatu, wanne. Akapiga paa la gari kwa kiganja. Piteni.

*

Gari la pamoja lilikuwa na heshima yake: lilipewa sehemu ya kuegesha karibu kabisa na mlango, mbele ya walioendesha magari yao wenyewe. Zamani Orval alijivunia mahali pale. Sasa palikuwa adhabu, kwa sababu palitazamana na madirisha ya ofisi. Wenzake waliposhuka, yeye alilala chini, katikati ya viti, akajifunika blanketi la Rayna lenye picha za farasi.

Injini ilizimwa. Mafuta yalikuwa ya kampuni, na Hobart alitakiwa kuyatolea hesabu. Baridi haikuja yote mara moja. Ilianza kwenye vidole vya miguu, ikapanda magotini, ikakaa kiunoni kama mtu aliyekaribishwa. Orval alisikia king'ora cha kuanza kazi. Mwili wake ukataka kuinuka. Alijua sasa hivi mashine yake, ile ya kutengeneza sponji za viti vya magari, inapashwa moto, alijua sauti yake inapokohoa na dawa yake ni nini, na kuna mtu mwingine amesimama pale hajui.

King'ora cha mapumziko kilipolia, Twila alikuja na kikombe cha karatasi, akafungua mlango kama mtu aliyesahau glavu.

"Uko hai?"

"Nusu."

"Kunywa. Umekojoa?"

"Chupani."

"Chupa gani?"

"Ya kahawa."

"Orval! Hatuna nyingine."

"Basi kesho nisinywe kahawa."

Twila akageuka haraka, akarudi ndani. Alishona mishono ya viti vya watu wenye magari mazuri mpaka jioni, na kila sindano iliposhuka alikuwa anafikiria mtu aliyelala nje chini ya farasi.

Hivyo ndivyo walivyoishi siku ile, na ya pili, na wiki ikaisha, ikaingia nyingine. Watu huzoea mambo. Deneen akaanza kumletea gazeti. Mzee Clovis akamletea soksi za sufu, akasema ni za marehemu kaka yake na asizirudishe. Wavutaji sigara wa kitengo cha sponji walimgundua mapema sana, maana wao husimama palepale kwenye maegesho. Hawakumsema kwa wakubwa. Lakini walipita karibu na kugonga bodi la gari, ko ko ko.

"Orval! Unalinda gari au unalitamia?"

"Akitotoa tutampa jina!"

Naye alilala kimya, akijifanya hayumo.

*

Aliyegonga kioo siku ya Alhamisi hakugonga kwa ngumi. Aligonga kwa pete, taratibu. Orval akafunua blanketi, akamwona Bi. Sturgill, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Twila alikuwa anakuja nyuma yake na kikombe, akasimama katikati ya maegesho kama aliyepigwa picha.

"Bwana Maddox," Bi. Sturgill akasema mlango ulipofunguliwa. "Nimekuona tangu wiki ile nyingine. Dirisha langu ni lile pale."

"Ndiyo, mama."

"Nilingoja uache mwenyewe."

"Nilingoja usichungulie."

Mama yule hakucheka wala hakukasirika. Alimgeukia Twila. "Njoo, dada, usisimame kwenye baridi. Linakuhusu." Akavuta pumzi. "Mkaguzi kutoka makao makuu anakuja tarehe mosi. Anaangalia haya magari yote ya pamoja. Akimkuta mume wako hapa, nitasema nini?"

"Sema wako wanne," Orval akasema. "Si nusu ya nane? Niko hapa. Nimekalia kiti."

"Kodi haihesabu makalio, Bwana Maddox. Inahesabu wafanyakazi. Viti nusu, vikaliwe na wafanyakazi wanaokwenda na kurudi kazini. Wewe si mfanyakazi."

"Nimefanya kazi hapa kabla wewe hujaja."

"Najua."

"Na zile pointi za kuchelewa na kukosa kazi zilizonifukuza, ya mwisho ilikuwa ya barafu mlimani. Gari hilihili lilichelewa. Wote tulichelewa! Sema mimi nilikuwa nazo nyingine za kumpeleka mtoto hospitali."

"Najua hilo pia."

"Sasa?"

"Sasa sheria haikuuliza." Alitazama chini, akaliona lile blanketi, akatazama pembeni haraka. "Mkaguzi akisema gari halikutimiza nusu, ile mia na ishirini ya kila mtu inarudishwa kwenye mshahara na kutozwa kodi. Yako dada, ya Bwana Shupe, ya yule binti. Na kampuni italipa fungu lake na faini juu. Wakubwa hawatangoja kufika huko. Watalirudisha gari kwa waliotukodishia. Kwao gari bila nafuu ni hasara."

Twila akasogea karibu. "Na mimi nitafikaje kazini?"

"Nitafutie mfanyakazi wa nne kabla ya tarehe mosi. Yeyote, mradi yuko kwenye orodha yangu ya mishahara na anakaa upande wenu wa mlima. Hizi siku zilizopita nitaona la kufanya."

Alianza kuondoka, kisha akarudi. Alitoa mfukoni kibandiko cha karatasi, akampa Orval bila kumtazama usoni. "Ukitaka kutumia choo chetu, weka hiki. Usiendelee na ile chupa. Watu wanaona."

Kibandiko kilikuwa kimeandikwa MGENI. Orval alikikataa mpaka saa nane. Saa nane akakibandika kifuani, pale palipokuwa na jina lake, akapita mbele ya kitengo cha sponji kwenda kukojoa.

*

Jumamosi Twila alipanda kilima kwenda kwa Tressa Boggs. Tressa alishona meza ya tatu kutoka kwake, lakini alikuwa na pikapu mpya nyekundu na alikwenda kazini peke yake, redio inaimba. Alimkuta anaosha magurudumu kwa maji ya moto.

"Tressa, nakuomba upande gari letu."

"Gari lenu? Na hili nilifanye banda la kuku?"

"Ni kwa mwezi mmoja miwili. Tukipata mtu utatoka."

"Nikatwe mia na ishirini nikabanwe na Clovis anayekohoa mpaka Brandt?"

"Inakatwa kabla ya kodi, hutaihisi yote. Na mafuta utaokoa."

"Twila, nami nilikuwa kantini, keki nilikula. Siku gari lenu litakapoteleza tena mlimani, pointi zitakuwa zangu. Nilipe deni la pikapu kwa pointi?"

"Nitakurudishia hiyo nauli. Mkononi."

Tressa akaacha kusugua. "Utaitoa wapi?"

Twila alitazama magurudumu, na Tressa akaelewa, na kwa kweli alimhurumia. Ubaya ni kwamba huruma yake ilikuwa na mikono. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo za binti yake zilizombana.

"Mpelekee Rayna. Kuna jinzi mbili hazijachanika."

Twila aliushika mfuko. Angeweza kuuacha pale kwenye theluji. Lakini Rayna alikuwa amerefuka, suruali zake zinaishia juu ya kifundo. Akasema ahsante, akashuka nao kilima.

*

"Ipo nafasi moja kiwandani," Orval akasema usiku ule wakila. Alikuwa hajagusa chakula.

"Nafasi gani?"

"Yangu. Tangazo wamelibandika getini, kitengo cha sponji. Mimi siruhusiwi kuomba mpaka mwaka upite. Mtu mwingine anaruhusiwa."

"Nani wa huku hana kazi na ana nguvu?"

Walijua wote wawili. Orval alisukuma sahani mbele, akavaa kofia.

Lowell Cutlip alikaa na mama yake, Bi. Opal, mwisho wa lile bonde, kwenye nyumba yenye baraza kubwa kuliko vyumba vyake. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mabega kama ng'ombe, na hakuna aliyemkumbuka akifanya kazi majira mawili mfululizo. Kwenye karamu ya kanisa kiangazi kilichopita Orval alimwita mbwa wa barazani, watu wote wakisikia, na jina likamganda.

"Mama, njoo uone," Lowell akaita bila kuinuka kwenye kochi. "Bwana mwenye kazi amekuja. Ooh, samahani, nimesikia huna."

"Nimekuja kukupa yangu."

"Kwani viazi hivyo? Unanipa tu?"

Orval akaeleza: tangazo, gari, viti vinane, nusu. Lowell alisikiliza huku anabadilisha idhaa za televisheni.

"Kwa hiyo mimi nikikaa barazani hapa kwetu," akasema mwishowe, "mkeo anakosa kazi."

"Ndiyo."

"Na mtoto anakosa dawa."

"Ndiyo, Lowell."

"Kumbe mbwa ana kazi yake."

"Nilikosea kukuita vile."

"Mwambie mama. Yeye ndiye aliyelia."

Bi. Opal alikuwa mlangoni mwa jiko, taulo begani. "Sema kwa sauti, mwanangu," akasema. "Masikio yangu mabovu."

Orval akavua kofia. Akasema kwa sauti. Bi. Opal akasema hakusikia neno la mwisho, Orval akalirudia.

"Haya, nitakwenda," Lowell akasema. "Lakini mimi saa kumi alfajiri sijawahi kuiona. Utakuja kuniamsha. Na hiyo mashine utanifundisha wewe."

"Nitakuja."

"Kila siku?"

"Kila siku."

*

Wakamwajiri, maana walikuwa wamekosa mtu. Tarehe mosi mkaguzi alifika, kijana mwenye miwani, akatazama gari la Hobart, akawahesabu Twila, Clovis, Deneen na Lowell, akaweka tiki, akaenda kula. Bi. Sturgill alipopita karibu na meza ya Twila alimgusa bega. Siku ya mshahara mia na ishirini ikakatwa kabla ya kodi kama ilivyokatwa siku zote, na bima ikalipa dawa. Mtu akitazama kutoka mbali angesema nyumba ile imepona.

Orval alikwenda kwa Cutlip kila alfajiri. Mwanzoni aligonga dirisha. Baadaye kugonga hakukutosha, akapewa ufunguo. Barazani, wakingoja gari, alimweleza Lowell namna ya kusikiliza mashine, wapi ashike, wapi asiguse hata akiambiwa na msimamizi. Alieleza vizuri, kwa subira, na Lowell alishika haraka kuliko alivyotazamia. Hilo nalo lilimuuma. Kwenye gari hakuingia tena. Alirudi nyumbani, akapika uji wa Rayna, akampima sukari, akakaa akisikiliza jokofu linavyounguruma.

Lowell akaanza kukusanya pointi. Moja kwa usingizi, moja kwa tumbo alilosema linamuuma. Twila alizijua zilipofikia kama anavyojua sukari ya mwanawe.

Ikaja alfajiri moja ya theluji nzito. Hobart alisimamisha gari mbele ya baraza la Cutlip, taa zinawaka, injini inanguruma. Hakuna mtu. Akapiga honi.

"Dakika mbili," akasema. "Mlima leo ni mbaya. Nikichelewa mimi, tumechelewa wote."

"Mpigie tena," Deneen akasema. "Nina pointi tano mimi, karibu nifukuzwe."

Mlango ukafunguka. Orval alitoka kinyumenyume, anamvuta Lowell kwa mikono miwili, Lowell akiwa na blanketi mabegani na viatu vimevaliwa bila kufungwa, kamba zinaburuta. Kwenye ngazi ya mwisho Lowell akaketi chini.

"Leo siendi. Kichwa kinaniuma."

"Inuka, Lowell. Ni hatua chache tu."

"Nitajikwaa. Huoni kamba?"

Hobart akapiga honi tena, ndefu. Mzee Clovis akasema, "Mungu wangu," akatazama mikono yake.

Orval alipiga magoti kwenye theluji. Akavua glavu, kwa sababu kamba zilikuwa zimeganda na glavu haziwezi kushika, akaupakata mguu wa Lowell mapajani, akaanza kufunga. Ndani ya gari Twila alikuwa amenyanyua kiganja kufuta ukungu wa kioo. Alifuta kidogo, akaona, akaacha kufuta. Ukungu ukarudi taratibu mpaka kioo kikawa cheupe.

"Kaza, mzee," Lowell akasema. "Jana ulilegeza, nikashinda natembea na kiatu kikinivuka."

Orval akakaza, akapiga fundo la pili juu ya la kwanza.

"Na wa kushoto."

Akasogeza goti.